Mdomo wa Waiyego

Wivu wa Kabura ulianzia dirishani, siku ya Alhamisi, akiwa ameshika sweta ya binti yake mkononi.

Alikuwa amefika mapema. Wingu lilikuwa limekaa vibaya upande wa Burnt Forest, na mvua ya Eldoret ikishaamua haikupi nafasi ya kujipanga. Basi akafunga kibanda chake cha viazi pale Munyaka, akakimbia kumchukua Waiyego kabla ya saa. Ukumbi ulikuwa nyuma ya kanisa. Hapo vijana wenye ulemavu walifundishwa kujisemea na kujitegemea: kupika, kufua, kwenda ofisini peke yao, kukataa jambo wasilolitaka. Kabura mwenyewe ndiye aliyempeleka. Aliambiwa ni masomo ya miezi sita, akafikiri ni ya kushona vitambaa.

Sasa alisikia kicheko. Akachungulia.

Waiyego alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, kichwa kimerudi nyuma, anasimulia. Alikuwa na miaka ishirini na moja, na tangu azaliwe na mtindio wa ubongo maneno yake yalitoka marefu, kutoka kooni, bila kona. Wageni walisikia mlio tu. Kabura alisikia Kiswahili safi. Kwa daktari, kwa chifu, kwa kasisi, watu walimwangalia Waiyego halafu wakamgeukia Kabura: "Amesema nini?" Hata baba yake, Macharia, aliyelima kule Burnt Forest na kuja nyumbani Jumapili, aliuliza vivyo hivyo. Na Kabura alijibu, kila mara, bila kukosea. Hakuna mtu aliyewahi kumpa cheo maishani, lakini hicho alikuwa nacho.

Mbele ya Waiyego alikaa mwalimu wao, Mideva, msichana wa Vihiga mwenye magongo mawili na kucha za rangi nyekundu. Waiyego alikuwa akimweleza jinsi kijana mmoja wa darasani, Byron, siku ya Jumatatu alivyovaa miwani ya jua ili akate vitunguu asilie, akakata kona ya meza.

"Ngoja, ngoja," Mideva akasema. "Hapo mwisho sijashika. Rudia."

Waiyego akarudia. Mideva akangoja. Hakumalizia neno. Alikaa tu, kama mtu aliye na siku nzima. Halafu akapiga paja. "Na akaomba meza msamaha! Ai, Byron huyu!"

Wakacheka wote wawili mpaka gongo moja likaanguka.

Kabura akabaki pale nje, sweta mkononi. Hadithi ile hakuwa ameisikia. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu vitunguu hivyo vikatwe, na jioni zote tatu alimlisha mtoto wake uji, kijiko kwa kijiko, na mtoto hakumwambia.

"Mlikuwa mnacheka nini?" aliuliza wakiwa njiani, akisukuma kiti kwenye matope.

"Hakuna," akasema Waiyego.

Hilo neno Kabura alilielewa vizuri sana.

Akina mama, wivu wa mtoto hauji na sura ya wivu. Ungekuja na sura yake ungeufukuza. Unakuja umevaa nguo za huruma. Kabura alianza kumwonea huruma Waiyego kuliko zamani. Akamfunika blanketi kukiwa na jua. Mideva alipowatengenezea wanafunzi ubao wenye misumari miwili, ya kushikilia kiazi ili mtu mwenye mkono mmoja mzuri aweze kukimenya, Waiyego aliuleta nyumbani akauweka mapajani. Alimenya kiazi kimoja kwa nusu saa. Jasho lilimtoka. Kiazi kikabaki na macho, kimekatika upande mmoja.

"Tazama, mama."

"Umefanya vizuri, mami," Kabura akasema. Halafu akakichukua, akakimenya upya mbele yake, chap chap, akakitia sufuriani.

Waiyego alimtazama. 

Jirani yao, Mama Wesonga, aliyekuwa mlangoni akiomba kiberiti, akacheka. "Wewe Mama Waiyego, huyu mtoto siku moja atapiga chafya, aambiwe 'afya', na wewe ndiye useme asante."

"Nani atamsaidia nisipokuwa mimi?"

"Si uko na ticha? Mimi nasikia siku hizi ni Ticha Mideva hivi, Ticha Mideva vile."

Kabura akampa kiberiti bila kumwangalia.

Ilikuwa kweli. Ticha Mideva anaishi peke yake mtaa wa Huruma, chumba cha chini. Ticha Mideva anajifulia. Ticha Mideva alimkatalia karani aliyetaka kuongea na dada yake badala ya kuongea naye. Jina hilo lilikuwa refu kwa ulimi wa Waiyego, lilimchosha, lakini alilisema kila siku. Na Kabura, aliyekuwa akimalizia kila sentensi ya binti yake ili asichoke, hilo jina hakulimalizia hata mara moja. Alimwacha ahangaike nalo.

Mwezi wa tano wa masomo ikaja habari ya nyumba. Mpango huo wa masomo ulikuwa umekodi vyumba viwili Huruma, karibu na kwake Mideva, mlango mpana, ngazi imefanywa mteremko. Wasichana wawili wangekaa humo mwaka mmoja, na mtu wa kuwasaidia kuamka asubuhi na kulala jioni. Zaidi ya hapo, wajipange. Waliotaka walikuwa wengi, basi kukawa na mahojiano.

Waiyego hakulala vizuri wiki hiyo. Alikuwa akijizoeza majibu kitandani. Kabura alimsikia kupitia pazia.

Siku ikafika. Ndani ya ofisi kulikuwa na watu wawili: mama mmoja wa makamo aitwaye Jepkemboi, na Bwana Wabuge mwenye faili. Walimu walikatazwa kuingia, wasije wakaonekana wanapendelea. Mideva akabaki nje kwenye benchi, amekunja mikono.

"Waiyego, karibu," Jepkemboi akasema. "Sisi tunataka kusikia wewe. Lakini nikikosa kukuelewa, ungependa nani anisaidie?"

Waiyego hakufikiri hata kidogo. Akainua kiwiko kuelekea upande aliokaa Kabura.

"Mama," akasema. Hilo kila mtu alilielewa.

Ungemwona Kabura. Moyo wake ulifunguka kama duka asubuhi. Akavuta kiti karibu, akanyoosha leso, akawa yule Kabura wa kwa daktari na kwa chifu. Na mwanzoni alisema kweli. Waiyego aliulizwa anaweza kufanya nini, akajibu, naye Kabura akapeleka neno kwa neno: anaweza kuosha vyombo akiwekewa beseni chini, anaweza kutumia simu kwa kidole gumba, anajifunza kumenya.

"Na kwa nini unataka kuhama?" akauliza Wabuge.

Waiyego akavuta pumzi. Hili ndilo jibu alilojizoeza. Akasema anataka kujua yeye ni mtu wa namna gani mama asipokuwa hapo. Akasema mgongo wa mama umekwisha kwa kumbeba na mama hataki kukubali. Kabura akatafsiri hayo pia, na Jepkemboi akaandika.

"Vizuri sana. Swali la mwisho. Ukikwama huko, siku mambo yameharibika kabisa, utamwita nani?"

Kabura alikuwa tayari ameshafungua mdomo. Alijua jibu.

"Mi-de-va," akasema Waiyego. "Nitamwita Mideva. Mama nitamwita mambo yakiwa mazuri, aje tunywe chai."

Wapo wanaosema Kabura alipanga. Hakupanga. Alisikia jina lile na masikio yakaziba, na maneno yakatoka yenyewe, laini, kwa sauti ileile ya kuaminika aliyotumia miaka yote.

"Anasema hiyo ndiyo inamtisha," Kabura akasema. "Anasema bila mama hawezi. Anaomba mumwache nyumbani kwanza, labda mwaka ujao."

Waiyego akageuza shingo. Alimtazama mama yake kama mtu aliyefungiwa mlango na nguo zake zikiwa ndani. Halafu akapiga kelele. Mwili wake, ambao ukishtuka hukaza wote kama kamba, ukakaza; mkono ukaruka ukaangusha glasi ya maji kwenye faili. Alikuwa anasema, "Sivyo! Sivyo! Sikusema hivyo!"

"Pole, pole, msichana," akasema Bwana Wabuge, akipangusa karatasi. "Usiogope. Hakuna mtu atakulazimisha kuhama."

Jepkemboi hakupangusa kitu. Alimwangalia Waiyego, akamwangalia Kabura. "Mama, sasa anasema nini?"

"Amechoka," Kabura akasema. "Anataka kwenda nyumbani."

Jioni hiyo aliweka uji mezani akasema, "Kunywa, mami, usinune hivyo, nafasi zitakuja zingine." Waiyego akafumba mdomo. Kabura akangoja aongee: amtukane, alie, amwite mwongo. Alikuwa amejitayarisha kwa hayo, na msamaha alikuwa nao karibu. Hakikutoka kitu.

Kesho yake hivyohivyo. Akihitaji choo alipiga mkono wa kiti mara mbili. Akishiba aligeuza uso. Akimwona Mama Wesonga alimsalimia, taratibu, kwa bidii, mpaka Mama Wesonga akaelewa. Kwa Kabura, hata "maji" hakusema.

Jumapili Macharia akaja na magunia. Alimwongelesha binti yake, binti akajibu, naye akamgeukia mkewe kama kawaida. "Amesema nini?"

Waiyego akanyamaza palepale, katikati ya neno, kama mtu aliyefunga bomba.

"Mmekosana?" Macharia akauliza.

"Ni baridi tu," Kabura akasema.

Wiki ya tatu Mideva akaja mpaka kibandani, magongo yamejaa matope, amebeba karatasi. Hakukaa.

"Mama Waiyego, hii ni barua yake. Ameiandika kwa simu, herufi moja moja, siku nne. Ameituma kwa Madam Jepkemboi. Nimetumwa nikusomee kabla hujasikia kwa watu."

"Mimi najua kusoma."

"Yeye ndiye amesema nikusomee."

Akasoma, amesimama vilevile, wateja wawili wakijifanya wanachagua viazi. "Mimi ni Waiyego Macharia. Yale maneno ya mwisho hayakuwa yangu. Sikuogopa. Nilisema nataka nyumba na nataka bado. Msimlaumu mama, amenibeba miaka mingi. Lakini msimwulize tena."

Chumba kimoja kilikuwa hakijapata mtu. Wakampa.

Alihama siku ya Jumatano kwa pikapu ya Macharia. Kabura alipakia nguo, akakunja kila moja mara mbili. Waiyego alimuaga Mama Wesonga. Aliaga hata kuku.

Kabura akakaa siku kumi. Ya kumi na moja akavaa nguo ya kanisani, akachukua blanketi jipya, akaenda Huruma. Mlango ulifunguliwa na msichana asiyeona, Adongo, aliyekuwa akikaa na Waiyego.

"Nani?"

"Mama yake Waiyego."

"Aa, karibu, mathe. Piga hatua fupi, kuna beseni hapo mbele. Mimi nalijua, wewe hulijui."

Ndani kulinuka vitunguu vilivyoungua. Kulikuwa na maji sakafuni na sahani hazijaoshwa, na Waiyego alikuwa na doa la chai kifuani, limekauka. Mikono ya Kabura ikaanza kutafuta kitambaa yenyewe. Akaizuia. Mideva alikuwa amekaa kwenye stuli, amepita tu kuwaona.

"Nimekuletea blanketi, mami."

Waiyego hakumtazama. Akamgeukia Mideva, akasema jambo. Lilikuwa refu, na lilikuwa la haraka, kama anavyosema mtu mwenye hasira.

Mideva akainama mbele. "Sijashika. Rudia?"

Akarudia. Shingo ilikuwa imeanza kumkaza.

"Nimepata 'mwambie'. Hapo mbele maneno yameshikana. Mara moja tena?"

Mara ya tatu sauti ilikwisha katikati. Waiyego akafunga macho, jasho puani. Adongo akajaribu, naye akakosa. Kabura alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza. Kila neno lilimfikia likiwa zima.

"Waiyego," Mideva akasema polepole, "nimwulize mama?"

 Pikipiki ikapita nje, na nyingine. Kisha Waiyego akafungua macho, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mahojiano akamtazama mama yake usoni. Akainamisha kichwa. Ndiyo.

"Mama Waiyego. Amesema nini?"

Hapo ndipo Kabura alipojua uzito wa kile cheo chake. Angeweza kusema, amesema asante kwa blanketi. Angeweza kusema, amesema keti, mama. Adongo angeamini, na Mideva asingekuwa na la kubisha, na yeye angepata kiti na pengine kikombe cha chai. Neno lilikuwa tayari mdomoni, laini kama lile la ofisini.

Waiyego alikuwa anamwangalia tu. Safari hii hakukaza mwili. Alingoja, kama Mideva anavyongoja.

"Amesema..." Kabura akaanza. "Amesema, mwambie asirudi hapa mpaka nimwite mimi mwenyewe. Na amesema, hata nikikaa mwaka bila kumwita, angoje."

 Mideva akamgeukia Waiyego. "Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo," akasema Waiyego, na hilo wote walilisikia.

Kabura akaliweka blanketi kwenye kiti, hakulikunjua. Akavuka lile beseni kwa uangalifu, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukafunga.