Kaa la Hamamu

Kwa miaka kumi na tisa, tangu amzike mumewe, Nikareta aliutunza moto wa mji wa Melandra, na kwa miaka hiyo yote haukuzimika. Aliyekuja kuuzima ni Damofoni, mwenyekiti wa baraza, kwa mtungi wa divai, mchana kweupe.

Wakubwa walikuwa wakila katika ukumbi wa mji, kama walivyokula kila siku. Damofoni akainuka kucheza. Mguu ukateleza, mtungi ukapasukia juu ya meko. Moshi ulifuka, majivu yakachemka, kisha kimya.

Moto ule hauwashwi kwa moto mwingine. Ukizimika, unaombwa juani, kwa nyasi kavu na sahani ya shaba iliyosuguliwa ikang'aa. Lakini mawingu yalikuwa yametanda, na kesho yake vijana mia mbili walikuwa wapande meli kwenda kujenga mji mpya ng'ambo. Wangeondoka na kaa la meko ile. Bila kaa hilo, mji wao ungekuwa yatima, usio na mama wala miungu wa kwao. Lykoni, mtoto pekee wa Nikareta, alikuwa miongoni mwao.

Jioni haijaingia, Damofoni akarudi na chungu cha makaa mekundu.

"Umeyatoa wapi?" Nikareta akauliza.

"Hamamu ya sokoni. Moto ni moto, mama."

"Huo ni wa kuchemshia maji ya kuoshea makwapa."

"Nani atajua?"

"Mimi."

"Basi wewe funga mdomo, ufe kazini, na funguo za ukumbi kiunoni."

Asubuhi watu walijaa mbele ya ngazi za ukumbi. Damofoni alihutubia mpaka watoto wakaanza kulia. Alipomaliza, Euthykle, kiongozi wa wasafiri, akanyoosha mikono kupokea chungu. Nikareta akakipindua. Makaa yakabiringika kwenye mawe yenye umande, yakalia na kufa moja moja.

"Bibi karukwa na akili!" mtu akapiga kelele.

"Mama, unaniaibisha!" Lykoni alisema, uso umemwiva.

Hilo lilimchoma kuliko kelele zote. Hata hivyo hakuinamisha kichwa.

"Haya ni makaa ya hamamu, mwanangu. Moto wetu mwenyekiti kauzima jana kwa divai."

"Uongo!" Damofoni akafoka. "Mwanamke huyu ananichukia!"

"Kama ni uongo," muuza samaki mmoja akadakia, "mbona joho lako lina doa mpaka magotini? Umekojoa zabibu?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Euthykle hakucheka. Alilitazama lile doa, akautazama uso wa Nikareta, akaketi kwenye ngazi.

"Tunangoja jua," akasema.

"Na mawingu haya? Mpaka lini?" Damofoni akauliza.

"Mpaka litoke, mzee. Sijengi mji juu ya uchafu wako."

Vijana mia mbili wakaketi pale pale. Walikaa siku hiyo, wakakaa na ya pili, wakitafuna zeituni na jibini walizoletewa na mama zao. Nikareta alisimama uwanjani na sahani yake, akifuata kila mwanya wa mwanga. Siku ya tatu sahani ilianza kumwelemea. Lykoni akaja nyuma yake, akamshika viwiko. Adhuhuri wingu likapasuka. Nyasi zikatoa uzi wa moshi, zikashika.

Aliwapa wasafiri kaa lao kwa mkono wake mwenyewe. Lykoni akainama, akambusu vidole vilivyoungua.

Tanga la mwisho halijapotea, baraza likamwita.

"Umetuvunjia heshima mbele ya umati," Damofoni alisema. Joho lilikuwa jipya. "Lakini sisi si watu wabaya. Omba radhi, ubaki na kazi yako. Ukikataa, leo hii unatoka."

Nikareta alizifungua funguo kiunoni. Kwa miaka kumi na tisa zilikuwa zimemchora alama nyongani. Akaziweka mezani, karibu na mtungi mpya wa divai.

"Usiwe mkaidi, mama," Damofoni akasema, sasa kwa sauti ya kubembeleza. "Hatutaki hotuba. Neno moja tu."

"Haya," Nikareta akasema. "Siombi."