Wateja Watatu wa Kinyozi

Kinyozi alipofunga kibanda chake na kustaafu, mikono yake haikustaafu. Ilizunguka nyumbani ikitafuta kichwa. Ilipunguza nyuzi za zulia la mlangoni, ikanyoa ufagio ukabaki kipara, na mkewe akacheka tu, maana mazoea yana taabu. Hakujua kwamba ilikuwa imeshafika bustanini.

Huko, chini ya ukuta, kulikuwa na vichaka vitatu vya haidrenjia, aina ile fupi isiyovuka goti. Mke alipewa na wifi yake, dada wa kinyozi. Mwaka wa kwanza vilitoa maua ya buluu, mafungu makubwa kama vichwa vya watoto. Miaka miwili iliyofuata, majani matupu.

Wala hakuwa mvivu. Alivipa jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Alivimwagilia shinani, akafunika udongo kwa nyasi kavu ili unyevu usikimbie. Vikinywea saa za joto hakubabaika. Jioni vilijiinua vyenyewe.

Wifi alipokuja kutembea, aliviangalia, kisha akaangalia juu kama anayeomba subira.

"Wifi, mti ukichoka kuishi huja kwako kupumzika."

"Na wewe ukichoka kupika huja kwangu kula."

"Nakula, ndiyo. Lakini msimu ujao nikija nisione ua, nang'oa vyote narudi navyo kwangu."

Hilo lilimchoma. Vichaka vile alikuwa amevizoea kama watu wa nyumbani. Asubuhi alivisalimia kabla ya kumsalimia mumewe.

Wiki ileile, akipalilia, aliziona ncha za matawi. Zimekatwa safi, kwa mshazari, na pembeni zimepunguzwa taratibu kuelekea chini. Mkono ule aliujua. Ndio uliowanyoa wanawe wote.

"Mzee, nani amewanyoa hawa?"

Kinyozi alikunja gazeti. "Nimewatoa nywele za masikioni tu."

"Ua lao hutoka kwenye ncha ya tawi la mwaka jana. Ukikata ncha, umekata ua."

"Basi sirudii."

Alisema kweli. Mkono ndio uliokuwa mwongo. Siku chache baadaye akamkuta amechuchumaa, kitana mkononi, akipuliza vipande vya majani shingoni mwa kichaka cha katikati.

Hakugomba. Alikaa jikoni akimenya viazi, akafikiri. Amfiche mkasi? Mikasi alikuwa nayo kila mfuko. Ndipo akalikumbuka bango la kibandani: Wanaume Tu. Maisha yake yote kinyozi hakuwahi kunyoa kichwa cha mwanamke. Hata dada yake alipombembeleza ampunguzie ncha, alikataa. Aliyemfundisha kazi alimwapisha hivyo, naye hakuvunja kiapo.

Kesho yake kinyozi alikuta vichaka vyote vitatu vimefungwa vitambaa vya kichwa, kwa kulegea, majani yapate jua.

"Hawa ni akina nani?"

"Wanawake."

"Tangu lini?"

"Hukuwahi kuwauliza."

Akavizunguka. Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka mtupu. "Basi," akasema kwa huzuni, "waende saluni."

Mwaka ukapita, vitambaa vikifuliwa kwa zamu. Msimu ulipofika, wifi akaja na jembe dogo na gunia. Alifika ukutani akasimama. Vichaka viwili vimefurika maua ya buluu. Cha tatu, jani tupu.

"Na huyu je?"

"Upepo ulimvua kitambaa siku moja," kinyozi akajibu, akiangalia viatu vyake. "Nikamdhania kijana wa kiume."

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakitazama vizuri kitambaa cha kichaka cha kwanza.

"Hee, hiki si changu? Nimekitafuta mwaka mzima." Akakivuta, akakikung'uta, akakikunja.

Kichaka kikabaki kichwa wazi, na maua yake yote. Kinyozi akakohoa. Mkono wake ulikuwa ukishuka mfukoni polepole, kama usio na habari.

"Wifi," mke akasema kwa upole, bila kuondoa macho kwenye ule mkono, "hebu mvike mwenzio."

Wifi akamtazama kaka yake, akayatazama maua. Akakikunjua kitambaa, akakirudisha, akakaza mafundo mawili.

Jioni aliondoka na gunia tupu. Kitambaa alikiacha kazini.