Siku Tano za Simu Kimya

Fundi wa miwani alijua kadi yake ya benki ina matatizo Ijumaa asubuhi, alipotaka kuagiza skrubu. Skrubu za miwani ni ndogo kuliko punje ya mtama na madukani hazipatikani, kwa hiyo yeye huziagiza mtandaoni, kopo moja kwa miaka miwili. Kompyuta ikamjibu kwamba kadi imekataliwa. Akaandika tena tarakimu zote kwa kidole kimoja, polepole. Ikakataa tena. Akavua koti lake jeupe, akageuza kibao cha mlangoni upande wa "Nimetoka kidogo", akaenda benki.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na chumba cha kulala kilikuwa mtaa wa pili. Yeye na mkewe waliachana zamani bila vurugu, mke akaolewa kwingine. Watoto hawakujaliwa.

Kwenye dawati la malalamiko ya kadi alikaa dada mmoja mwenye mafua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kadi yangu imegoma."

Dada alitazama kompyuta, akakunja uso. "Haijagoma, mzee. Imefika kikomo. Tangu Jumatatu umenunua mara tatu. Simu mbili, halafu televisheni, halafu tiketi mbili za ndege."

Fundi alicheka. "Mimi? Ndege naisikia ikipita juu ya bati."

"Lakini kila ununuzi umethibitishwa. Tulituma tarakimu sita kwenye simu yako, na zikaandikwa sawasawa mara zote tatu."

"Sikupata hata moja."

Dada akavuta fomu. Akamuuliza anaishi na nani. Peke yangu. Nani mwingine hushika simu yako? Hakuna. Msaidizi wa nyumbani, mpangaji mwenzako, mtoto wa ndugu anayekuja siku za mapumziko? Hakuna. Fundi, ambaye macho yake yalizoea vitu vidogo, aliyasoma maneno yake kwenye fomu kichwa chini miguu juu: hakuna, hakuna, hakuna.

"Hebu nione simu."

Akaitoa mfukoni. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe. Dada akaigeuza huku na huku, kisha akamwonyesha kona ya kioo.

"Mzee, hii haina mtandao."

Akamweleza taratibu, kama mtu ambaye ameshaeleza hivyo wengi. Kuna mtu alikwenda kwa wakala wa simu na nakala ya kitambulisho, akadai laini imepotea, akapewa laini mpya yenye namba ileile. Tangu hapo kila kinachotumwa kwa Fundi kinamfikia mtu huyo, ambaye huwasha laini kusoma tarakimu tu, kisha huizima.

"Uliwahi kumtumia mtu picha ya kitambulisho chako?"

Aliwahi. Mwezi uliopita aliona mtandaoni kifaa cha kupimia lenzi kwa bei nzuri. Ukurasa ulikuwa na alama ya kufuli, ulitaka namba ya kadi na namba ya simu, kisha ukataka picha ya kitambulisho, kwa usalama wa mteja. Aliona hao ni watu makini, akakipiga picha kwa kamera ya kompyuta. Kifaa hakikufika, naye alidhani kimechelewa njiani.

"Basi hapo ndipo walipokunasa," dada akasema. "Tangu lini simu imekosa mtandao?"

"Sijui."

"Mara ya mwisho kupigiwa ni lini?"

Wakaangalia pamoja. Ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyopita. Mtu alikosea namba, akiulizia saruji.

Dada alipenga kamasi, akakunja kitambaa chake. "Samahani mzee, lakini siku zote hizo simu haikulia, hukushtuka?"

Fundi alitaka kusema alikuwa na kazi nyingi. "Ingekuwa na kawaida ya kulia ningeshtuka," akasema.

Dada hakuandika jibu hilo. Alimwambia wanaoshughulikia madai watataka uthibitisho kwamba laini ilikuwa imekufa kweli. Barua ya kampuni ya simu ingechukua wiki tatu. Lakini kama kuna mtu aliyempigia wiki hii akamkosa, aandike mistari miwili na picha ya orodha ya simu alizopiga, madai yatasogea haraka.

"Mtu mmoja tu anatosha, mzee. Ndugu, rafiki, yeyote."

"Mmoja tu," Fundi akarudia.

Jioni ile alikwenda kwa mdogo wake wa kike, upande wa pili wa mji. Nyumba ilikuwa imejaa watu kama kawaida, mashine ya kufulia inanguruma, wajukuu wanagombea kiti. Alisubiri mpaka dada yake akakaa.

"Hivi wiki hii ulinipigia?"

"Kaka, kila siku nasema leo nitampigia. Si unaona mambo ya hapa." Aliposikia yaliyompata, akashika mdomo. "Nitakuandikia tu. Nitasema nilikupigia Jumanne. Nani atajua?"

"Wanataka picha ya simu."

Dada yake akainamisha macho, akaanza kuokota makombo mezani. "Nisamehe, kaka," akasema baadaye. Fundi akamwambia hakuna cha kusamehe, akaaga kabla chakula hakijaiva.

Kesho yake alimuuliza muuza vitambaa wa chini. Walisalimiana kila asubuhi kwa miaka kumi na moja.

"Namba yako mimi sina, Fundi. Ya nini, na wewe uko hapo juu?"

Akamkumbuka mwenzake waliyesoma naye ufundi, mtu wa utani, aliyekuwa na duka la miwani karibu na soko kuu. Akaenda kwa miguu. Duka lilikuwa la viatu. Msichana wa dukani alimwambia yule mzee wa miwani alihama zaidi ya mwaka sasa, na hakuacha anwani. Fundi alisimama pale akitazama viatu kana kwamba anataka kununua, kwa sababu aliona aibu kutoka mara moja.

Aliporudi, saa sita mchana, alimkuta mwanamke ameketi kwenye ngazi na mkoba mapajani. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mteja aliyechukua miwani yake mpya wiki iliyopita.

"Wewe Fundi ni mtu wa namna gani?" akaanza hata kabla ya salamu. "Miwani yako inanipasua kichwa. Ubao nauona umelala. Nakupigia tangu Jumatatu, naambiwa mteja hapatikani. Umechukua pesa ya watu ukazima simu?"

Fundi alishika ukuta. "Umenipigia mara ngapi, Mwalimu?"

"Mara ngapi?" Akatoa simu yake. "Hesabu mwenyewe."

Akahesabu. Zilikuwa tisa: Jumatatu mbili, Jumanne moja, Jumatano nne mfululizo, Alhamisi mbili.

"Ahsante," Fundi akasema, bado ameshika ukuta.

Mwalimu, aliyekuja tayari kwa ugomvi, akamtazama akidhani anaumwa. Ikabidi Fundi amfungulie mlango, amkalishe, amsimulie yote. Mwalimu aliandika barua hapohapo kwa mwandiko wa ubaoni, akaweka tarehe na saa za kila simu. Wakati anaandika, Fundi alipima miwani na kukuta kitovu cha lenzi ya kulia kimekaa milimita tatu nje ya mahali pake. Kosa lilikuwa lake.

"Nitakutengenezea upya, bure."

"Bure ni lazima," Mwalimu akasema. "Na usidhani nimekusamehe kwa sababu umeibiwa."

Wiki ya tano benki ilirudisha fedha zote isipokuwa za tiketi, ambazo bado zinachunguzwa. Dada wa benki, mafua yamepona, alimwambia waliosafiri walikuwa wawili na walishafika walikokwenda. Fundi aliuliza ni mtu na nani. Dada hakujua.

Mwalimu alichukua miwani yake, akaridhika, na mtu aliyeridhika hana sababu ya kupiga simu.

Jumapili moja alasiri Fundi alikaa kitandani na laini yake mpya, akampigia mdogo wake mwenyewe.

"Kaka! Usikate, nakuja, kuna mtu mlangoni."

Alisikia simu ikiwekwa mezani. Akasikia mlango, vicheko, kiti kikiburutwa, mtoto akiuliza soksi yake iko wapi na sauti tatu zikimjibu kwa pamoja. Dada yake alikuwa amemsahau. Fundi aliegemea ukuta, simu sikioni, akasikiliza.