Fimbo Iliyoachwa Altareni

Mama Annonciata Muhawenimana wa Muheto hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Akilima, alilima mpaka majirani wakaanza kuangalia mipaka ya mashamba yao. Akigombana, kijiji kizima kilijua nani ana makosa. Na alipopona, au alipoamini kwamba amepona, alipona mbele ya kanisa zima.

Kiharusi kilimwangusha katikati ya matuta ya viazi, mwaka uliotangulia. Mkono wa kulia ulilala, mguu wa kulia ukaufuata, mdomo ukaenda upande, na yale maneno yake yaliyoogopwa na wengi yakawa uji mtupu. Hospitali ya Mweso iliokoa uhai wake. Yaliyobaki aliyatafuta mwenyewe kwa miezi kumi, akifinya bonge la udongo katika kiganja kisichotaka kufunga, akitembea kutoka mlangoni hadi mgombani, kisha hadi kwa jirani, kisha hadi mtoni na kurudi. Mkwewe Paul, mwindaji wa Ntoto huko Walikale, alimchongea fimbo kwa mti mweusi wa msituni. Annonciata aliichukia fimbo ile na hakuiacha hata siku moja.

Hadi Jumapili ya shukrani. Siku hiyo alijitwika kikapu cha maharage, akapita katikati ya kanisa akitikisa mabega kama bibi harusi, akatua kikapu, kisha akailaza fimbo mbele ya altare na kurudi kwenye benchi kwa miguu yake miwili. Wanawake walipiga vigelegele. Papa Théogène, mzee mpiga ngoma, aliipiga ngoma yake mpaka jasho likamtiririka shingoni. Katekista Pierre aliiokota fimbo akaiegemeza ukutani, kando ya altare, ili kila aingiaye aione. Annonciata aliomba neno, akasema kwa sauti iliyofika nje:

"Miye nimepona. Fimbo sina kazi nayo tena."

Nani angemlaumu? Alikuwa ameinunua furaha ile kwa machozi. Shida ilianza kesho yake asubuhi, alipofungua kopo la vidonge vya presha. Huko Mweso walikuwa wamemwambia wazi kwamba dawa ile ni ya maisha, apone asipone. Lakini sasa kila kidonge kilimtazama kwa jicho baya. Umesema mbele ya watu kwamba Mungu amekuponya, halafu unajificha jikoni unameza dawa? Hakuna aliyemwambia aache. Wala Pierre hakuwahi kutamka neno kama hilo. Aliacha mwenyewe, kwa sababu alipenda kauli yake iwe kamili. Akalipandisha kopo darini. Mumewe, Hakorimana, alipouliza, aliambiwa asiingize mashaka nyumbani. Hakorimana alikuwa mtu mpole aliyejua siku za kunyamaza, na hiyo haikuwa mojawapo, ila alinyamaza.

Wiki ya tisa, Annonciata aliamka mwili unawaka homa. Kikombe kilimponyoka mkono wa kulia kikavunjika. Aliutazama ule mkono namna unavyomtazama mgeni uliyemsindikiza mpaka barabarani, halafu unamkuta amekaa tena sebuleni. Alijaribu kumwita mumewe, ulimi ukagoma. Hofu ilimshika, hofu ya kweli. Lakini aibu ilikuwa kubwa kuliko hofu, kwa maana neno la kwanza alilofaulu kulitoa halikuwa hospitali. Lilikuwa, "Funga mulango."

Walikubaliana, au tuseme yeye aliamua, kwamba watu waambiwe amekwenda Ntoto kumwona binti yao Francine, mke wa Paul, aliyejifungua. Hakorimana hakuwa na kipaji cha kudanganya hata mbuzi, lakini alitoka akasema hivyo kwa kila aliyeuliza, macho chini. Annonciata alibaki kitandani, mguu umekufa ganzi, akihesabu mbao za dari na kungoja aibu ipite.

Siku ya pili alimsikia jirani yake Verdiane akizungumza na mwenzake nyuma ya ukuta. Uongo ulikuwa umeshanenepa. Kwa mujibu wa Verdiane, Mama Annonciata alikuwa amekwenda Ntoto kwa miguu, msitu wote ule, na mzigo mgongoni. Annonciata nusura acheke. Kisha Verdiane akashusha sauti kidogo, akaeleza kwamba Papa Théogène naye ametupa vidonge vyake vya presha chooni, tangu ile Jumapili ya fimbo. Alisema kama Mungu amemtosha Annonciata, atamtosha na yeye. Sasa kichwa kinamzunguka, juzi ameshindwa kusimama kupiga ngoma, lakini anasema ni shetani anamjaribu, na hatakubali.

Annonciata aliacha kuhesabu mbao. Alikijua kile kizunguzungu. Kilimtembelea hivyohivyo, siku mbili kabla viazi na mlima na mbingu havijageuka giza. Aibu aliyoisikia sasa haikuwa ile ya kuonekana akivuta mguu. Hii ilichoma ndani zaidi, kwa sababu mzee wa watu alikuwa anakwenda kufa kwa ushuhuda wake.

Alimtuma Hakorimana mbio kwa Théogène, akamwambie kwamba Annonciata ameanguka tena na kwamba mzee ameze dawa leo hii. Hakorimana alirudi amenyong'onyea. Mzee alikuwa amemcheka mbele ya wajukuu. Mama Annonciata yuko Ntoto, alimjibu, na ni wewe mwenyewe uliyetuambia. Sasa leo unataka kuniyumbisha imani yangu kwa sababu gani?

Basi ule uongo ulikuwa umemfungia mlango kwa nje. Annonciata alifumba macho, akayafumbua.

"Ita moto," akasema, akimaanisha pikipiki, kila neno likitoka kwa kusukumwa.

"Watakuona," Hakorimana akamjibu.

"Hiyo njo vizuri. Waone."

Alipakiwa kwenye pikipiki mchana kweupe, katikati ya dereva na mumewe, amefungwa kitenge kiunoni asianguke. Alitaka wapite kwanza kwa Théogène, lakini nyumba ya mzee iko juu kwenye mteremko ambako pikipiki haipandi, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Hakorimana alimkatalia mkewe waziwazi. Walikwenda Mweso moja kwa moja. Verdiane alisimama kando ya njia, ndoo kichwani, mdomo wazi.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke kijana asiyependa maneno mengi. Alikuta malaria, alikuta na presha iliyopanda vibaya. Alimweleza kwamba safari hii hakikuwa kiharusi kipya. Kile kidonda cha zamani kichwani kipo, mwili umejifunza kukizunguka, lakini homa kali ikija, au uchovu, au usingizi ukikosekana, kinaamka na kuleta mambo yake ya kale. Homa ikishuka, kitatulia. Kitaamka tena siku nyingine, ajue hivyo. Ila presha bila dawa italeta kiharusi kipya, na hicho hakitaomba ruhusa.

Siku ya nne ya matibabu Annonciata aliuliza swali moja tu lililokuwa likimtafuna tangu kikombe kianguke.

"Munganga, nimerudi ku zéro?"

Daktari alimwomba anyanyue kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kidole kilitetemeka, kikasita, kikanyanyuka. Daktari alimwuliza mara ya kwanza kilimchukua muda gani. Miezi minne, Annonciata akakumbuka, miezi minne na udongo ule kiganjani. Akakitazama tena kidole chake, akakinyanyua mara ya pili kwa fahari. Kazi yake haikupotea. Ilikuwa humo mwilini, inamngoja aendelee.

Jumapili iliyofuata watu wa Muheto walikuwa katikati ya wimbo wa mwanzo aliposimama mlangoni, amemshika Hakorimana mkono. Wimbo ulikatika sauti moja baada ya nyingine. Kwenye mlango aliuachia mkono wa mumewe, akaanza kupita katikati, mguu wa kulia ukiburuta vumbi. Safari ile ya hatua thelathini ilikuwa ndefu kuliko njia ya Ntoto. Papa Théogène alikuwa ameketi kando ya ngoma yake, ameshika paji la uso.

Annonciata alifika altareni, akanyoosha mkono wa kushoto na kuichukua fimbo. Pierre alimsogelea, akamnong'oneza kwa adabu kwamba fimbo ile imekwisha kuwa ya Mungu, na kwamba akiiondoa huenda akawavunja watu moyo. Pierre si mtu mbaya. Alikuwa anaogopa tu. Annonciata aligeuka akawakabili watu wote. Aliwatahadharisha kwamba ulimi wake bado mzito, mwenye haraka atoke. Hakuna aliyetoka.

"Hii fimbo ni yangu, nimekuja kuichukua," akasema. "Mungu hakusema bongo, uongo ni wangu. Ni miye njo nilimusemea maneno yenye hakunituma. Alinipa miguu, akanipa na dawa. Miye nikashika miguu, dawa nikamurudishia. Na Ntoto sikuenda. Nilikuwa mu nyumba, nimejificha kwa sababu ya haya."

Alipumzika. Udenda ulikuwa unamtoka upande wa kulia wa mdomo. Mkono wa kushoto ulikuwa na fimbo, wa kulia haukuwa tayari, kwa hiyo hakuufuta. Aliuacha ushuke mpaka kidevuni, mbele ya Muheto nzima, wala hakuinamisha kichwa.

"Papa Théogène, meza dawa yako. Usinifuate fasi mbaya, pale nilianguka. Kama unataka kunifuata, unifuate sasa."

Hapakuwa na vigelegele. Alirudi kwenye benchi polepole, fimbo mbele, mguu nyuma, na Verdiane akakunja magoti ampishe. Hakorimana alikuwa analia bila kujificha. Siku ya shukrani Annonciata alijiona mkubwa kwa sababu watu walimshangilia. Leo hakuna aliyemshangilia, na bado alijiona mkubwa zaidi, na hakuona sababu ya kujinyima raha hiyo.

Jumanne ni siku ya dawa za presha kwenye kituo cha afya cha Muheto. Zamani wenye presha walikuja mmoja mmoja, kofia usoni, kana kwamba wamekuja kuiba. Jumanne hiyo Annonciata alikuwa wa kwanza, amekaa mwisho wa benchi karibu na mlango, palepale wapita njia wanapoona vizuri, fimbo katikati ya magoti. Wawili walifika wakamsalimia, wakakaa. Kisha akaja Papa Théogène, anapepesuka kidogo, mjukuu wake wa kike amemshika kiwiko. Alisimama mbele ya benchi akizungusha kofia mikononi, hajui aanze na neno gani.

Annonciata alijisogeza, akamwachia nafasi upande wake wa kulia, ule mbovu.

Mzee alikaa. Walitazama mvua ikija kutoka upande wa Walikale. Hatimaye Théogène akauliza, taratibu, mkono unaendeleaje.

Annonciata aliunyanyua ule mkono kutoka mapajani. Ulifika usawa wa kifua, ukatetemeka, ukashuka. Wiki chache nyuma angejibu kwamba amepona.

"Leo iko chini," akasema. "Mwezi ulipita ilikuwa juu. Kesho sijue. Miye niko natembea nayo."

Muuguzi alifungua mlango akaita wa kwanza. Annonciata akaikita fimbo sakafuni, akakataa mkono wa muuguzi, na mzee Théogène naye akasimama, akavua kofia, akabaki hivyo hivyo wima mpaka mama yule alipomaliza kupita.