Kaburi la Jirani

Bonde la Wafalme, walikozikwa mafarao, lina sheria moja iliyonizeesha: sisi waongoza wageni haturuhusiwi kueleza kitu ndani ya kaburi. Unamaliza maneno yako nje, juani, halafu wageni wanaingia peke yao na wewe unabaki kuomba Mungu wakumbuke.

Siku ile nilikuwa na wastaafu kumi na wanane wa posta, kutoka Delta. Ofisini nilishaonywa: lalamiko moja tena, Fathalla, urudi kwenu ukakate miwa. Na kiongozi wao, Haji Shaaban, alikuwa na daftari la malalamiko kwapani, amelibana kama kuku wa sikukuu.

Basi nikajitutumua. Nikawaeleza Nuti, bibi wa mbinguni aliyechorwa amejinyoosha dari nzima, anavyolimeza jua magharibi na kulizaa alfajiri. Nikalimeza mimi, nikalizaa mimi. Hajjat Insaf, mmoja wao, akanipepea kwa mtandio.

"Pole, mwanangu. Mimba ya kwanza ndiyo ngumu."

Wakaingia. Nikaenda kunywa chai kwa Bastawi, mlinzi.

"Watu wako wamefuata nini mle?"

"Nuti."

"Nuti yuko kaburi la jirani, ndilo lenye michoro. Hilo ulilowaingiza lina nyufa na popo wawili."

Nikaweka kikombe chini. Kuwafuata siwezi. Nikakaa, nikiiona miwa inanipungia.

Wakatoka wanameremeta.

"Nimemwona," alisema Haji Shaaban. "Mrefu."

"Mrefu na amenona," alisema Hajjat Insaf. "Jua limeshafika hapa." Akajigusa koo.

"Koo gani, limefika tumboni," mwenzake akambishia.

Ni Rifaat peke yake, mchambua barua kwa miaka thelathini, aliyesema, "Mimi nimeona popo."

Wakamjia juu.

"Futa miwani, Rifaat."

"Kumbe ndiyo maana barua zangu zilikuwa zinafika Sudani."

Mzee wa watu akaanza kuifuta miwani kwa ncha ya shati, kwelikweli, akageuka arudi akatazame tena. Dunia imenipiga vya kutosha. Namjua mtu anayeanza kuyatilia shaka macho yake. Nikamshika mkono.

"Mzee Rifaat hajakosea. Nimekosea mimi mlango. Nuti yuko kaburi lile pale."

Haji Shaaban akafungua daftari, akalamba penseli.

"Jina lako kamili."

"Andika, Haji," alisema Rifaat, "ila uandike na mashahidi waliona nini humo. Lalamiko bila ushahidi halipokelewi, unajua mwenyewe."

Penseli ikasimama. Haji akamtazama Hajjat Insaf. Hajjat akaanza kucheka polepole, kutoka chini, mpaka akaketi mchangani, na wote wakamfuata. Bastawi akamwaga chai.

"Andika amenona," alisema Hajjat, akifuta machozi. "Weka na sahihi yangu."

Haji akafunga daftari.

"Huyo Nuti," akaniambia bila kunitazama, "mlango upi?"

Nikauonyesha. Hakuna aliyesogea.

"Tangulia, Rifaat," alisema Hajjat Insaf. "Ukituambia yupo, ndipo tutaingia."