Ng'ombe Wamezidi Katika Makala

Niyigena aliuza fromaji, yaani jibini, mtaani Nyamianda. Baba yake, mzee Rwabuhihi, ndiye aliyeitengeneza huko juu milimani, kwa maziwa ya ng'ombe wake. Hoteli moja ya kando ya ziwa iliionja ikaipenda, lakini meneja wake, Frédéric, alikuwa mtu wa nyakati hizi: hakununua chakula kisichoandikwa mtandaoni.

"Andika makala, nisome, ndipo tuongee," alimwambia Niyigena huku akijilamba vidole. "Ikifika Ijumaa sijaiona, miye nachukua ya pakiti."

Basi Niyigena akaandika. Ilikuwepo tovuti iliyopokea makala ya kila mtu. Alieleza ng'ombe wanavyochungwa, wanavyokamuliwa, na maziwa yanavyogandishwa. Tovuti ikamtaka ataje neno kuu, yaani lile ambalo mtu akilitafuta ataipata makala. Akaandika: ng'ombe.

Jibu lilikuja upesi, tena kwa adabu. Wahariri walifurahi sana kuipokea makala yake, na kwa furaha hiyohiyo waliikataa. "Ng'ombe" limerudiwa kupita kiasi, walisema. Hiyo ni hila ya kuwavuta wasomaji.

Niyigena hakuwa mgomvi. Alifikiri huenda kweli ufugaji wa ng'ombe unaelezeka bila kumtaja ng'ombe. Wahariri ni watu wa kazi hiyo, lazima wanajua. Akaweka "mnyama." Wakashukuru, wakakataa: makala haihusiani na neno lake kuu. Akaweka "mnyama mwenye pembe." Wakashukuru tena, wakakataa tena: huenda anayezungumziwa ni mbuzi.

Akampigia baba yake simu.

"Baba, banakataa. Banasema ngombe iko mingi sana mu makala."

"Mingi? Hao bantu, kwao beko na ngombe?"

"Sijue, Baba. Pengine habana hata moja."

"Ni wivu basi." Kisha mzee akamgeukia mwanawe. "Lakini na weye nawe. Ngombe, ngombe, kama vile hazina majina. Nani anakamuliwa?"

"Gaju na Bihogo."

"Basi andika Gaju na Bihogo. Nani alikufundisha kuita watu wa nyumbani namna hiyo?"

Niyigena aliona baba anasema kweli. Akaliacha "ng'ombe" kwenye kichwa cha makala, na kwingine kote akaweka majina. Gaju huamka mapema. Bihogo hapendi kuguswa na wageni. Gaju hukamuliwa kwanza, maana akicheleweshwa hununa.

Safari hii wahariri walishukuru kuliko siku zote. Kisha wakauliza kama Bi Gaju na Bi Bihogo wametoa ridhaa ya kutajwa, hasa katika aya ya kukamuliwa, ambayo kwa heshima ya wanawake hao walikuwa wamekwisha kuiondoa.

Niyigena alituma picha zao. Gaju alikuwa ameitazama kamera bila pingamizi lolote. Bila shaka wahariri hawakuwa na nafasi ya kufungua picha, kwa sababu Ijumaa asubuhi makala ilitoka, katika ukurasa wa Wanawake na Maendeleo.

Alikwenda hotelini. Frédéric alikuwa ameshaisoma.

"Makala nzuri. Ila sijaona maziwa yanatoka wapi."

"Walikata hapo, Papa Frédéric. Walisema ni aibu."

"Na hawa wamama wawili, weye ndiye umewapa kazi?"

Niyigena angeweza kunyamaza. Lakini aliuza kitu cha kuliwa, na alitaka mlaji ajue anachokula. "Ni ngombe, Papa."

Frédéric aliirudia makala polepole, kidole kikipanda na kushuka kwenye kioo cha simu. Kisha akautazama ukumbi, ambamo wageni wa mashirika ya misaada walikuwa wakinywa chai.

"Sikiliza. Fromaji ya ngombe hawa wageni wanaipata popote," akasema kwa sauti ya chini. "Ya wanawake na maendeleo hawajaionja. Lete kila Ijumaa. Na hao wamama uwasalimie."

Niyigena alimpigia baba yake, akamwambia hoteli imekubali, na kwamba meneja anawasalimu Gaju na Bihogo. Mzee Rwabuhihi, ambaye huwasalimu yeye mwenyewe kila asubuhi, hakuona la ajabu. Alisema tu kwamba huyo meneja amelelewa vizuri.