Shukrani Mbele ya Gati

Tangu astaafu uuguzi, Rhoda hakuwa na haraka tena. Jumapili hiyo wanajumuiya walisali nyumbani kwake Machochwe, kijiji kilicho kando ya hifadhi ya wanyama, naye akasimama kushukuru: mume ni mzima, wajukuu wamekuja likizo, na tembo waliotoka hifadhini usiku wa kuamkia siku hiyo wamepita bila kumaliza mahindi yake.

Jirani yake Gati aliitikia "Amina" pamoja na wengine, macho yakiwa chini.

Watu walipotawanyika, mumewe Danford alimwambia taratibu, "Mama Jesca, nilidhani unajua. Tembo walikuwa wameshaingia kwetu. Gati ndiye aliyewafukuza kwa kupiga madebe, wakageukia shamba lake. Hakubakiwa na kitu."

Rhoda aliacha vikombe mezani, akamfuata Gati njiani.

"Dada, nisamehe. Nimesimama kushukuru, kumbe wewe ndiye uliyeumia."

"Hukujua," Gati alijibu bila kusimama.

"Mahindi yangu tutavuna wote, tugawane nusu kwa nusu."

Gati alikubali kwa kichwa, akaendelea na safari yake. Rhoda alirudi polepole. Wajukuu walipomkimbilia mlangoni, aliwakumbatia huku moyo ukimsuta.